Shajara ya mradi: makazi ya wadudu wachavushaji kwenye parachichi ya Rungwe na kokoa ya Kyela

Julai. Mpango

Mradi uko sehemu mbili za mkoa wa Mbeya. Juu ni Rungwe, pande za Tukuyu, kwenye parachichi aina ya Hass. Chini ni Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, kwenye kokoa iliyopandwa chini ya migomba. Kazi ni kuongeza maua yanayoshika tunda kwa kumwandalia mdudu anayelihudumia ua mahali pa kuzaliana na pa kula, kabla maua hayajafunguka. Mbolea, kupogolea na palizi vinaendelea kama kila mkulima alivyozoea.

Mazao haya yamechaguliwa kwa kuwa yanatoa maua mengi mno na kushika machache. Mparachichi uliokomaa unaweza kutoa maua hadi milioni moja kwa msimu, na yanayofika kuwa tunda la kuchuma hayafiki hata moja katika kila elfu. Kwa kokoa, katika maua 100 yaliyochanua, kwa kawaida hayazidi matano yanayoshika. Sehemu ya upungufu huo ni maumbile, maana mti hauwezi kubeba yote. Sehemu nyingine ni ua kudondoka bila kutembelewa na mdudu yeyote, na hiyo ndiyo tunayoishughulikia.

Julai, Tukuyu. Kulisoma ua

Baridi bado ipo. Kabla ya kuleta mzinga hata mmoja, miti yote imepitiwa na kuwekewa alama ya rangi kwenye shina: A au B. Alama hizi zina sababu yake. Ua la parachichi lina sehemu ya kike na ya kiume, lakini hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Hufunguka mara mbili. Hass ni kundi A: asubuhi ya siku ya kwanza hufunguka likiwa jike, stigma (ncha ya kike inayopokea chavua) imesimama katikati ikiwa nyeupe na mbichi, stameni (nyuzi za kiume zenye chavua) zimelala pembeni. Kisha hujifunga. Kesho yake mchana hufunguka tena likiwa dume, stameni zimesimama na chavua imetoka kwenye vifuko vyake. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, ni kundi B na hufanya kinyume: jike mchana, dume kesho yake asubuhi. Kwa hiyo asubuhi ambayo Hass inahitaji chavua, Fuerte ndiyo inayo.

Shamba la nafasi ya mita 7 kwa 7 lina miti 204 kwa hekta. Tunapendekeza Fuerte iwe mti wa tatu katika kila mstari wa tatu, yaani mmoja kati ya tisa, ili kila Hass iwe imepakana nayo. Kwa mashamba yaliyokwishapandwa Hass tupu, njia ni kubebesha kikonyo cha Fuerte kwenye tawi moja la Hass na kulifunga utepe, la sivyo mpogoaji atalikata akidhani ni chipukizi la pori. Wakati tawi hilo likisubiriwa, matawi ya Fuerte yenye maua hukatwa alfajiri na kusimamishwa kwenye ndoo za maji kati ya mistari. Hudumu siku chache tu, kisha hubadilishwa.

Kuna rasilimali ambayo watu wengi wa Rungwe wanaikata bila kujua: parachichi za kienyeji zilizoota kwa mbegu mipakani. Nyingine ni kundi A, nyingine B. Zipite saa tatu asubuhi siku ya jua. Ile inayomwaga chavua saa hiyo ni B, usiiguse.

Shida kubwa ya Tukuyu ni ukungu na baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 20 hivi, saa ya ua huvurugika. Jike la Hass huchelewa mpaka mchana au jioni, na nyuki wa kufugwa huwa bado wamejikusanya mzingani. Ndiyo maana mpango huu haukutegemea nyuki peke yao.

Agosti, Tukuyu. Mizinga

Mizinga inayotumika ni ya viunzi vya juu. Upana wa kiunzi ni milimita 32, kipimo cha nyuki wetu wa Afrika Mashariki. Ukichonga viunzi vipana zaidi nyuki hujenga masega mapindapinda yanayounganisha viunzi viwili, na kila ukaguzi unageuka ubomoaji. Mzinga unaning'inizwa kwa waya kati ya nguzo mbili, urefu wa kiuno kutoka ardhini. Waya unapakwa grisi kuzuia siafu na sisimizi, na nyasi chini yake zinafyekwa, kwa sababu jani moja refu likigusa mzinga linatosha kuwa daraja. Upande wenye tundu la kuingilia huinamishwa kidogo mbele ili maji ya mvua yasituame ndani, na juu ya bati hutandazwa nyasi kavu kupunguza joto la mchana na kelele za mvua.

Idadi iliyopangwa ni mizinga minne hadi sita kwa hekta, ikiwa katika vikundi viwili au vitatu. Manzuki (mahali inapokaa mizinga) yako mbali na nyumba, mabanda ya ng'ombe na njia ya watoto wa shule, kukiwa na uzio wa vichaka virefu unaowalazimisha nyuki kuruka juu ya vichwa vya watu.

Mzinga wa kuchavusha haufanani na mzinga wa asali. Unaofaa ni wenye majana (watoto wa nyuki) wengi ambao hawajafunikwa, kwa sababu majana hula chavua na ndio wanaowasukuma nyuki vibarua kwenda kuitafuta. Kundi lililojaa asali na lenye majana wachache litafuata mbochi (maji matamu ya ua) peke yake na mengi ya maua ya parachichi litayapita. Tunakagua hivi: fungua viunzi vya kati; vikiwa walau sita vimefunikwa na nyuki pande zote mbili na vyumba vina majana weupe waliojikunja, kundi liko tayari.

Wakati wa kuleta mizinga ni muhimu kuliko idadi yake. Iletwe maua yakiwa yamefunguka kama asilimia 10. Ikiletwa mapema, nyuki huzoea mikaratusi au kahawa ya jirani na hawageuki tena. Parachichi si ua wanalolipenda sana. Uhamishaji hufanyika usiku, tundu limezibwa kwa wavu wa chuma na si kwa tambara, maana wakikosa hewa hujipasha joto na kufa wote kabla ya kufika. Kanuni ya wafuga nyuki inashikwa hapa: hamisha mzinga chini ya mita moja au zaidi ya kilomita tano. Ukiuhamisha mita 300, vibarua watarudi walikotoka na kuzagaa hewani pasipo na mzinga.

Maji ya kunywa yamewekwa kwenye beseni zenye kokoto. Bila kokoto nyuki huzama.

Septemba, Tukuyu. Maua yamefunguka

Nyasi kati ya mistari zimeleta mvutano. Kishona nguo na magugu mengine yenye maua yanalisha nyigu wadogo na nzi wa maua, lakini wakati huu yanashindana na parachichi. Uamuzi: kufyeka mstari mmoja na kuacha unaofuata, jioni nyuki wakiwa wamerudi, kisha kubadilishana baada ya wiki mbili.

Dawa ya kupulizia imesimamishwa kabisa kuanzia chipukizi la ua mpaka petali zimeanguka. Hapa kuna dhana inayohitaji kusemwa bayana kwa wakulima wa nyanda zetu, ambako pareto inalimwa na kusindikwa Mafinga: dawa ya pareto ni ya asili na huvunjwa haraka na jua, lakini ikimgusa nyuki inamwangusha kama ilivyo kwa mdudu mwingine yeyote. Usalama wake unatokana na saa ya kupulizia. Kama ni lazima kwa zao la jirani, kwa mfano viazi au maharage, ipulizwe jioni na upepo ukiwa umetulia. Dawa zinazoingia ndani ya mmea, kama zenye imidakloprid, ni jambo jingine: zinafika kwenye mbochi na chavua, na kupulizia jioni hakusaidii.

Asubuhi za ukungu, wanaoonekana juu ya maua ni nzi. Wapo nzi wa maua wenye michirizi ya njano na myeusi tumboni, ambao wengi huwadhani nyuki. Wana mabawa mawili badala ya manne, vipapasio vifupi mno, na uwezo wa kusimama hewani papo hapo bila kusogea. Hawana mwiba. Tumetazama kwa kioo cha kukuzia mmoja akila kwenye ua la Hass lililo dume: anatua, anazungusha mdomo wake laini kwenye tezi za rangi ya machungwa zilizo chini ya stameni, na anapozunguka, chavua inanata kifuani na chini ya kichwa. Akienda kwenye ua jike, sehemu hiyohiyo ya mwili ndiyo inayogusa stigma.

Faida yake ya pili iko kwa watoto wake. Majike wa aina nyingi za nzi hawa hutaga yai moja moja jeupe katikati ya vidukari, au wadudu mafuta kama wengi wanavyowaita. Funza anayetoka hana miguu, ana rangi ya kijani au ya maziwa, na hula vidukari mamia mpaka anapojigeuza pupa, hatua ya kutulia kabla ya kuwa nzi. Mkulima wa maharage anayemwona funza huyo na kumponda anaua mlinzi wa shamba lake. Ili kuwaweka wakubwa karibu, giligilani na shamari vimepandwa mipakani na kuachwa vichanue. Maua yao ni mafupi, mbochi iko juu, nzi na nyigu wenye midomo mifupi wanaifikia.

Septemba, Tukuyu. Ndoo za nzi wa samadi

Rungwe ina ng'ombe wengi wa maziwa wa kufugwa ndani, na kwenye mifereji ya mabanda kuna funza mwenye mkia mrefu mwembamba kama uzi. Mkia huo ni bomba la kupumulia. Yeye yuko chini kwenye tope, ncha iko juu ya maji. Watu wanamchukia. Akikua anakuwa nzi mkubwa wa kahawia anayefanana na nyuki dume, haumi, na anaruka kwenye baridi ambayo nyuki wanaikwepa.

Tunamzalisha hivi. Ndoo ya lita 20 hujazwa maji nusu, samadi mbichi kama kilo 2 na konzi kadhaa za majani yaliyofyekwa. Kipande cha ubao huegemezwa kutoka ndani ya maji hadi nje, na kuzunguka ndoo humwagwa maranda makavu unene wa kiganja. Ubao na maranda ndivyo watu wanavyovisahau: funza aliyekomaa lazima atoke majini akajifiche pakavu ili ageuke pupa. Akikosa njia anazama, na ndoo inabaki kunuka bila kutoa nzi hata mmoja.

Mambo mawili ya kuangalia. Samadi isitoke kwa ng'ombe aliyepewa ivermektini ndani ya wiki nne zilizopita. Dawa hiyo hutoka kwenye kinyesi ikiwa bado na nguvu na huua funza hawa pamoja na mbawakawa wanaozika kinyesi malishoni. Pili, maji yakionekana na viluwiluwi vya mbu, mwaga yote juani kwenye udongo mkavu na uanze upya. Ndoo zikae chini ya miti, mbali na nyumba.

Novemba, Kyela. Usubi wa kokoa

Huku hali ni nyingine kabisa. Nyuki hana kazi kubwa kwenye kokoa. Ua la kokoa ni dogo, limebandika moja kwa moja kwenye shina na matawi manene, na chavua yake imefichwa ndani ya vifuko vya petali ambamo nyuki haenei. Chavua inanata, haipeperuki kwa upepo. Anayeingia ni usubi mwenye urefu wa milimita moja hadi tatu, na huyo anazaliana kwenye uozo wenye unyevu: majani yaliyooza, maganda ya kokoa, mashina ya migomba.

Shamba la kokoa lililofagiwa mpaka udongo mwekundu ukaonekana linasifiwa na majirani, na linakosa usubi. Hili ndilo tunalosisitiza kuliko lolote lingine upande wa Kyela.

Usubi huyu asihusishwe na lile wingu la vijidudu linaloinuka juu ya Ziwa Nyasa na kuonekana kama moshi. Hao ni wa jamii nyingine. Mabuu yao huishi ziwani na kulisha samaki, na kandokando ya ziwa hilo wapo watu wanaowakusanya na kuwafinyanga kuwa mikate ya kuliwa. Ni chakula kizuri, lakini hawachavushi kokoa.

Makazi yanatengenezwa kwa mashina ya migomba iliyokatwa mkungu. Shina hukatwa vipande vya mviringo vyenye unene wa sentimita 5 hadi 10. Vipande 8 hadi 10 hurundikwa katikati ya miti minne ya kokoa, mahali penye kivuli, na kufunikwa majani ya kokoa. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, yenye miti 1,111 kwa hekta, hayo ni marundo kama 280 ukitaka kulijaza shamba lote; kuanza na theluthi moja kunatosha kuona tofauti. Usubi huchukua kama wiki nne kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo marundo yawekwe mwezi mmoja kabla ya wimbi la maua linalofuata mvua. Kipande kikishageuka udongo hakizalishi tena. Ongeza kipya juu, usiondoe cha zamani.

Mambo yanayoharibu kazi hapa ni matatu. Rundo likikaa juani hukauka ndani ya siku chache na usubi waliomo hufa. Tunguu la mgomba likichanganywa, unaalika fukusi wa migomba, ambaye hutaga humo na kurudi kwenye migomba yako. Tumia sehemu ya juu ya shina peke yake, kutoka mgomba usio na matundu ya fukusi, na weka rundo mbali na shina la migomba hai. La tatu ni maganda ya kokoa. Maganda mazima ni makazi bora ya usubi, lakini ganda la tunda lililooza kwa ugonjwa wa kuoza weusi hubeba vimelea ambavyo matone ya mvua huvirusha juu ya shina. Yatenganishwe siku ya kupasua matunda: mazima yaende kwenye marundo, yenye ugonjwa yazikwe nje ya shamba.

Desemba, Kyela. Kipimo

Usubi hahesabiki kirahisi, kwa hiyo kinachopimwa ni ua. Kila mti wa kipimo una mita moja ya shina iliyofungwa kamba juu na chini. Asubuhi huchaguliwa maua 50 yaliyofunguka siku hiyo katika miti mitano na kuachwa yalivyo, na mengine 50 katika miti ileile huchavushwa kwa mkono. Kazi hiyo ifanyike kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Chukua ua la mti mwingine, ulio mbali kidogo, kwa kuwa kokoa nyingi hazikubali chavua yao wenyewe wala ya ndugu yao. Vuta petali zake kwa kibanio ili stameni zitoke, kisha paka stameni hizo kwenye mlingoti mwembamba wa katikati wa ua lengwa, mara kadhaa. Tunda moja lina mbegu 30 hadi 50 na kila mbegu inahitaji punje yake ya chavua, kwa hiyo mguso mmoja hautoshi.

Ua lisilochavushwa hudondoka kesho yake au keshokutwa. Lililoshika hubaki, kikonyo kinanenepa na kugeuka kijani. Hesabu ya mwisho hufanywa siku ya 14.

Matokeo yasomwe hivi. Ya mkono yakishika na yaliyoachwa yakadondoka, shamba linakosa wachavushaji. Ongeza marundo na kivuli. Yote yakidondoka, usiwalaumu wadudu: tafuta ukame, njaa ya mti au chavua isiyokubaliana. Yakishika sawasawa, wadudu wanatosha, na nguvu iende kwingine. Kwenye mashamba yaliyofagiwa tumeona hali ya kwanza, na hasa katika miti ya pembezoni isiyo na kivuli.

Onyo la matunda machanga. Katika miezi miwili hadi mitatu ya kwanza baadhi yatageuka njano, kisha meusi, na kubaki yananing'inia makavu. Huo ni mti unapunguza mzigo, hauhitaji dawa. Ugonjwa wa kuoza weusi ni tofauti: doa la kahawia hutambaa haraka juu ya tunda la ukubwa wowote, na penye unyevu huota ukungu mweupe. Anayechanganya haya mawili hupuliza bure.

Januari, Kyela. Mihogo ya mpakani

Mashamba kadhaa yamepakana na mihogo, na wenyewe wameuliza kama wapulize dawa kuua vidung'ata (wadudu wadogo wenye unga mweupe wanaofyonza mhogo). Jibu ni hapana. Kidung'ata wa mhogo aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini katika miaka ya 1970 na kuharibu mihogo katika nchi nyingi. Aliyemshinda ni nyigu mdogo sana, Anagyrus lopezi, aliyepatikana Paragwai na kuachiliwa Nigeria mwaka 1981 katika kazi iliyoongozwa na Hans Rudolf Herren, aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu hutaga ndani ya kidung'ata, na mtoto wake humla kutoka ndani. Kwenye kilele cha mhogo tafuta vidung'ata vilivyovimba, vikavu, vya kahawia, vyenye tundu la duara: nyigu ameshatoka. Ukipuliza hapo unamuua nyigu, na vidung'ata vilivyojificha kwenye majani yaliyokunjamana vinabaki.

Februari. Kazi zilizopangwa

Rungwe: mizinga ikaguliwe kama ina nondo wa nta, masega meusi yaliyoachwa wazi yatolewe, kwa kuwa nondo huanzia humo kundi likiwa dhaifu. Matawi ya Fuerte yaliyobebeshwa yaondolewe machipukizi ya Hass yanayoyafunika.

Kyela: vipande vipya vya migomba juu ya marundo ya zamani kabla ya mvua kubwa za Machi. Pale ambapo maji husimama, rundo lihamishiwe kwenye mwinuko mdogo, juu ya matofali mawili au kipande cha gogo, maana usubi wanataka unyevu na rundo lililozama hawatagi. Kipimo cha maua 50 kwa 50 kirudiwe kwenye miti ileile, kwa kamba zilezile.